Umeme ulikatika Ngamiani, kinanda kikarudi nusu toni chini. Mliozoea flashi karibuni

#1 Mwana wa Barabara ya 12 (mleta uzi)

Wakuu, hamjambo. Tangu Jumamosi usiku masikio yangu hayajatulia, na hapa dukani sina wa kumsimulia isipokuwa kijana wa chipsi ambaye kwake muziki ulianza na singeli. Nawaletea nyinyi.

Kuna klabu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga. Jina naliacha, mwenyewe hapendi kuandikwa mitandaoni. Ukumbi wa mabati, feni nne, zinazozunguka mbili. Siku zote ni bao, kahawa na mpira kwenye televisheni. Jumamosi wakaweka taarabu: kiingilio elfu tano, kina mama elfu tatu, kiti cha plastiki kwa aliyewahi. Shangazi yangu alinipigia simu mchana, akasema maneno mawili tu, "Kinanda kinapigwa," akakata.

Anayekwenda harusi za mjini miaka hii anajua kwa nini maneno hayo mawili yanatosha. Siku hizi "kundi" ni mwimbaji mmoja, kompyuta mpakato na flashi. Wimbo unatoka umeshapikwa, yeye anaongeza chumvi juu.

Nilifika saa tatu na nusu. Jukwaani watu wanane: waimbaji watatu, besi, gitaa la solo, dumbaki (ngoma), rika (tari yenye visahani), na mzee wa kinanda. Umri sitini na ushei, kofia ya kiua, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni kwenye joto lile. Kinanda chake ni Yamaha ya zamani, vitufe viwili vimebandikwa plasta ya kidonda, na kimekaa juu ya meza ya kupigia pasi. Sitanii. Meza ya kupigia pasi, na kitambaa chake cha maua bado kipo.

Alianza peke yake. Hakuwasha biti ya kinanda, dumbaki alikuwepo, biti ya nini? Mkono wa kushoto ukashika sauti moja nzito ya ogani, ukaiacha ikae. Wa kulia ukaanza kutembea juu yake polepole kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani msikitini. Watu waliokuwa wakigombania viti wakaacha.

Kwenye wimbo wa tatu akainuka mama mmoja kule nyuma karibu na mlango, dera la kijani, noti ya elfu kumi kaishika kwa ncha za vidole juu kama anaianika. Mnajua mwendo wa kutunza, hauna haraka. Kutoka mlangoni hadi jukwaani ni hatua kama ishirini, yeye alizitumia dakika mbili. Anafika meza ya jirani, anazunguka, anarudi nyuma kidogo, anaonekana. Ubeti ukaisha yuko nusu ya njia. Kwa flashi hapo ndipo aibu inapoingia: mashine inakwenda ubeti wa pili, mwimbaji anaikimbilia, mama anabaki katikati ya ukumbi na noti yake kama aliyeachwa na daladala. Mzee alitupa jicho mara moja tu. Akakirudia kile kipande cha kati, mara ya pili akakileta kwa sauti ya zumari, mara ya tatu akakikatakata, kila hatua ya mama ikawa na mlio wake. Noti ilipotua kwenye paji la uso la mwimbaji, ndipo ubeti ukaingia.

Sasa lililonifanya niandike. Saa sita kasoro robo umeme ukakatika. Feni zikalala, besi ikafa, kinanda kikafa. Wakabaki dumbaki, rika na kina mama, waliokuwa katikati ya kiitikio na hawakuacha. Tochi za simu zikawaka. Wakaimba kiitikio kilekile dakika nne, tano, mpaka kijana wa jenereta akaipata kamba ya kuvutia.

Watu wakiimba bila chombo sauti inashuka taratibu, wenyewe hawajui. Na kinanda kikizimika na kuwashwa kinasahau kila kitu, kinaamka na sauti ya piano na ufunguo wake wa kiwandani, yaani kimo cha sauti kilichotoka nacho. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Taa zilipowaka alishusha sauti karibu na sifuri, akainamisha sikio kwenye spika ndogo ya kinanda chenyewe, akabonyeza kidole kimoja. Akatikisa kichwa. Akabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo mara moja, akajaribu tena. Akamtazama mpiga besi, akamwonyesha kidole kimoja kikielekea chini. Besi akarudisha mkono hatua moja kwenye shingo ya gitaa. Wakangoja kiitikio kianze upya, wakaingia. Nusu toni, yaani hatua ya kitufe kimoja, chini ya tulipoanzia, na mshono huuoni.

Kwa hiyo wale wa "kinanda si chombo, ni mashine", njooni hapa tuzungumze.

#2 Mla Mihogo

Uzi bila picha batili.

#3 Mwana wa Barabara ya 12

Simu ilikuwa tochi mkuu.

#4 Fidla Kavu

Nakuja kwa heshima mleta uzi, lakini nakuja. Mimi ni wa Unguja na nimekulia nyuma ya mazoezi ya taarabu. Hicho ulichokiona ni ustadi, sibishi. Ila ni ustadi wa mtu aliyebaki peke yake kwenye nyumba iliyobomolewa, na aliyeibomoa ni hicho kinanda.

Kundi la Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Wenzao Culture Musical Club tangu 1958. Ukisikia taarabu yao unasikia fidla zinazokaa mstari mmoja, udi, nai (filimbi), akodiani, na kanuni, ala ya nyuzi zaidi ya 70, mtu anaitegesha kabla ya kupiga kama anayepanga mahari. Kila mmoja anapumua kivyake kidogo, na huo utofauti mdogo ndio unaokufanya usisimke. Kinanda kina kitufe kimeandikwa "fidla". Ukikibonyeza zinakuja fidla thelathini zisizowahi kutofautiana hata siku moja.

Pili, rasti na bayati, zile ngazi za sauti za Kiarabu, zina sauti zilizo katikati ya vitufe vyenu. Si nyeupe si nyeusi. Mpiga fidla anaipata kwa kusogeza kidole upana wa unywele. Mzee wako aisogeze wapi, kwenye kitambaa cha maua?

#5 Chumvi ya Mawe

Kitambaa cha maua 😂😂 mzee kapigwa

#6 Bint Pangani

Fidla Kavu, nakuheshimu lakini umeanza hadithi katikati. Hao waliokufundisha nyinyi taarabu ni Wamisri, sivyo? Hadithi ya sultani kumpeleka mtu Misri kujifunza kila Mzanzibari anaijua. Basi Misri wenyewe walifanyaje? Umm Kulthum, mwimbaji wao mkubwa, mwaka 1964 alipoimba wimbo wa mtunzi Abdel Wahab, gitaa la umeme lilikuwa jukwaani. Miaka iliyofuata ogani ya umeme ikaingia pia. Mwimbaji Abdel Halim Hafez alikuwa na Magdi el-Husseini kwenye ogani, na ile ogani haikufichwa nyuma, ilipewa nafasi yake ipige peke yake huku ukumbi ukipiga kelele. Hayo yote kabla Umm Kulthum hajafariki 1975. Cairo walipokubali ogani, nyinyi wa Vuga huko Unguja mnakataa kwa fatwa ya nani?

Tena hapa Tanga hatukusubiri ruhusa. Makundi yetu, Black Star na baadaye Lucky Star, waliweka gitaa la umeme, besi na ogani kwenye taarabu wakati nyinyi bado mnabishana nani akae mbele. Shakila, Mungu amrehemu, tumempoteza 2016, sauti yake ile ilikulia juu ya vyombo vya umeme. Kuna mtu atasema Shakila hakuimba taarabu? Ajitokeze, anwani ya shangazi yake mleta uzi tunayo.

#7 Fidla Kavu

Bibie, umenipiga vizuri ila umenipa na fimbo. Misri waliweka ogani JUU ya fidla thelathini. Huku kwetu ogani imewekwa MAHALI pa fidla thelathini. Mgeni akija kukaa sebuleni kwako ni baraka. Akija akakutoa ukalala nje, hilo jina lake jingine.

#8 Mwana wa Barabara ya 12

Hiyo ya mgeni sebuleni nimeikubali, nikose la kusema nisiwe mnafiki.

Lakini tupige hesabu. Jumamosi ukumbi ulijaa, watu kama mia na ishirini, wengi wao kina mama. Hata tukizidisha tukaweka wastani wa elfu nne: laki nne na themanini. Toa ukumbi, jenereta, mitambo, nauli. Kilichobaki gawanya kwa wanane, mtu anaondoka na pesa ya kununua kilo chache za sembe na samaki. Sasa wagawie thelathini. Kinanda hakikuwatoa wale wapiga fidla sebuleni, njaa ndiyo iliyowatoa, kinanda kikakuta viti vitupu.

#9 Fundi Redio

Nilikuwa nasoma kimya lakini mmefika kwenye umeme, na umeme ndio ugali wangu.

Mleta uzi una bahati kinanda kilikuwa cha kidijitali. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotikisika kwa kasi ileile, jenereta ikohoe isikohoe. Ama kiwake, ama kizime. Kingekuwa Hammond ya zamani mngesikia maajabu.

Huyo Laurens Hammond, Mmarekani, alikuwa mtu wa saa za umeme kabla ya kutoa ogani yake 1935. Akatumia akili ileile ya saa: mota inayokwenda sawa na mapigo ya umeme wa gridi, inazungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno, 91 kwenye ile B-3 maarufu, kila gurudumu linapita mbele ya sumaku yenye waya na kutoa mlio wake. Umeme wa gridi ukiwa imara ogani haiharibiki sauti miaka na miaka. Ndiyo maana makanisa ya Marekani waliipenda.

Ila sasa Marekani gridi ni hezi 60, sisi 50. Chukua ile ya kwao uichomeke Tanga kupitia transfoma tu bila kubadili mota, itaimba zaidi ya nusu toni tatu chini, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Na kwenye jenereta ndogo ni balaa. Ikilemewa ikashuka kutoka 50 hadi 48, muziki wote unashuka karibu robo tatu ya nusu toni. Mtu akiwasha feni, wimbo unahuzunika. Mafuta yakikaribia kuisha mnamaliza harusi kwa sauti ya matanga.

Kuhusu robo toni, hizo sauti za katikati ya vitufe, Fidla Kavu umepitwa kidogo. Vipo vinanda vinavyotengenezwa kwa soko la Waarabu, Yamaha wana vyao na Korg wana vyao, vina vitufe vidogo vya kushusha sauti moja moja robo toni. Unashusha mi na si, una rasti yako. Nimeshatengeneza viwili. Tatizo ni bei.

#10 Fidla Kavu

Nikiishusha mi, inashuka na kukaa pale. Kwenye fidla mi ya kupanda si mi ya kushuka. Ila ahsante kwa somo la Hammond, hiyo ya mafuta kuisha nimeipeleka kwa mke wangu tumecheka wote.

#11 Kidole cha Nne

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, Moshi, mwaka wa kumi na saba. Niseme la kiufundi ambalo hakuna aliyeligusa.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo ni cha wavivu. Mwalimu wangu alikuwa padre mzee, alinianzisha kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, cha upepo, kisicho na umeme wala kitufe. Kwaya ikishuka, unahamisha VIDOLE. Wimbo uko re, kwaya iko chini yake, unapiga re bemoli, nusu toni chini, basi. Mzee wenu angehamisha vidole asingehitaji kuinama kutafuta kitufe.

Na kwaya zinashuka jamani. Njooni Mkesha wa Pasaka, zile zaburi zinazoimbwa bila kinanda halafu unaambiwa uingie kwenye Gloria. Hapo ndipo utajua kama una masikio au una mabawa ya mlango.

#12 Bint Pangani

Kaka wa Moshi, kanisani mbele yako kuna kitabu na watu wamekaa kwenye mabenchi. Pale kulikuwa na giza, jenereta inanguruma dirishani, na akina mama mia moja wamepandwa. Mwache mzee na kitufe chake.

#13 Kidole cha Nne

Hoja imepokelewa. Lakini angehamisha vidole.

#14 Mzizima Sauti

Nimekaa paleee nawasikiliza wasomi wa robo toni. Naomba niwakumbushe kwamba kinanda kina watoto wengine mjini.

Sisi wa uswahilini Dar tulikuwa na mchiriku, wengine wakiita mnanda, na hilo jina la pili lisikilizeni vizuri limetoka wapi. Miaka ya 1990 huko. Casio ndogo kama ya mtoto, vitufe vyembamba, inaunganishwa kwenye amplifaya chakavu na spika za honi kama za mnadani. Sauti inatoka imechanika, na hiyo kuchanika ndiyo tamu yenyewe. Ngoma za Kizaramo chini, mtu anapiga kigoda kwa vijiti, mwimbaji anakimbia na maneno. Jagwa Music wakaipeleka hadi Ulaya, wazungu wakashangaa Casio inaweza kulia namna ile. Nilikuwa mdogo nimejibanza ukutani kwenye shughuli moja Mwananyamala, mpiga Casio ameipakata mapajani kama anayemenya viazi, jasho linadondokea kwenye vitufe, na hakuna mtu aliyeuliza kama ni asili au siyo. Watu walikuwa wanakanyagana.

Hata singeli hii anayoipenda kijana wa chipsi, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kinachozunguka mle ndani mara nyingi ni kipande cha kinanda cha taarabu kimekimbizwa. Kwa hiyo kijana wako anasikiliza mzee wako, ila kwa mwendo wa bodaboda.

#15 Mwana wa Barabara ya 12

Hii ya kijana wa chipsi nimemsomea sasa hivi. Kasema "si nilikwambia." Hakuwahi kuniambia kitu.

#16 Baharia Mvita

Nyinyi wa Tanga na Unguja mnagombania kinanda kana kwamba bahari inaishia Horohoro. Mombasa tulikuwa na Matano Juma na Morning Star wake, ogani yake ukiisikia kwenye santuri huwezi kumchanganya na mtu. Babangu alikuwa nazo, mama akazifunikia mitungi.

Tena kwa Fidla Kavu: neno lenyewe kinanda ni la zamani kuliko umeme. Lamu wazee wakisema kinanda walikuwa na maana ya chombo cha nyuzi, kile kibangala, na ngoma yake iliitwa kinanda vilevile, watu wakikaa barazani usiku. Halafu hamonia ya Kihindi ikaja ikaitwa kinanda. Ya kanisani, kinanda. Sasa ya umeme, kinanda. Neno limehama nyumba mara nne na halijawahi kudaiwa kodi.

#17 Fidla Kavu

Hilo la kibangala nakuunga mkono moja kwa moja. Na mwajua sasa vijana wanajifunza tena kanuni na udi pale Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002. Kwa hiyo sebule haijauzwa.

#18 Mama wa Watatu

Naomba nilete kisa cha flashi maana nyinyi mnaongea ya juu sana.

Harusi ya mdogo wangu, mji siutaji, kundi silitaji. Tulichangishana tukalipa kundi "kamili lenye kinanda" kama walivyoandika kwenye mkataba. Siku ikafika, kweli jukwaani kuna kinanda kikubwa na kijana ana miwani ya jua usiku. Anapiga kwa mbwembwe, anainua mkono, anajifuta jasho. Bwana harusi anapita kutunza, ananitingishia kichwa, kama kuniambia dada umechagua vizuri.

Mtoto wangu wa pili, wakati huo miaka sita, akapita nyuma ya jukwaa kutafuta puto lake. Akakanyaga waya. Kile kinanda taa zake zikazimika zote, skrini nyeusi. Muziki ukaendelea. Kijana hakuona, aliendelea kuinua mkono, amefumba macho kwa hisia. Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyeona wa kwanza. Akaenda mpaka jukwaani kwa mwendo wa kutunza, polepole, anacheza, mkono uko juu, tukajua anatoa noti. Akafika, akakichukua kile kichwa cha waya kilichochomoka, akakiweka mfukoni mwa shati la yule kijana, akampapasa shavu, akarudi kukaa.

Nusu ya pesa walirudisha, baada ya kikao.

#19 Chumvi ya Mawe

AKAMPAPASA SHAVU. Naomba namba ya huyo shangazi awe mwenyekiti wa kamati zote za harusi nchi hii.

#20 Kidole cha Nne

Hapo nakubaliana na uzi mzima. Heri kitufe cha kuhamisha ufunguo.

#21 Mgeni wa Lancashire

Salaam kutoka Uingereza kaskazini. Nimesoma tangu #1 nikakumbuka kitu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mmoja wao, bibi wa miaka 84, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi anapelekwa klabu moja ya wafanyakazi kusikiliza ogani. Dereva akaugua, nikampeleka mimi. Nilidhani ni kanisa. Siyo. Ni ukumbi kama huo wenu wa Ngamiani ukiuondolea joto: zulia lina harufu ya bia ya zamani, meza ndogo ndogo, wazee kama sitini. Wana chama chao cha wapenzi wa ogani ya umeme, wanalipa ada, mpigaji anakuja na gari lake la mizigo na ogani yake mwenyewe.

Na ile ogani si kinanda cha mezani. Ina safu mbili za vitufe, moja juu ya nyingine, na chini kuna pedali za mbao. Mguu wa kushoto unapiga besi, wa kulia unakaa kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti. Wameweka kamera inayoonyesha mikono na miguu yake kwenye skrini ili wa nyuma waone. Spika yake moja ina honi inayozunguka ndani ya kabati, sauti ikawa inatetemeka kama hewa ya juu ya lami saa saba mchana. Fundi Redio utaijua.

Alipiga nyimbo za kucheza wawili wawili. Wazee wakainuka. Bibi yangu hawezi kusimama, alikuwa anacheza kwa kidole kimoja kwenye meza, hakosei hata pigo moja. Akaniambia ujana wake alikwenda Blackpool kumsikiliza Reginald Dixon, aliyepiga ile ogani kubwa ya ukumbi wa Tower tangu 1930 hadi 1970. Ile ni ya mabomba ya upepo, akanisahihisha, siyo ya umeme, usichanganye. Kwa hiyo Fidla Kavu wako kila nchi.

Ikafika kipande fulani kitamu, mkono wa kulia unapanda unapanda, nikasahau niko wapi. Nikainuka na noti ya pauni tano. Nikaenda nayo taratibu, juu, kama nilivyolelewa. Ukumbi ukanyamaza. Nikaiweka juu ya ogani. Mpigaji bila kuacha kupiga akaniambia tiketi za bahati nasibu zinauzwa mlangoni.

Nikarudi nazo tano. Nilishinda kopo la biskuti.

#22 Bint Pangani

Nimecheka mpaka wateja wameuliza kuna nini. Pauni tano hewani na watu wamekukodolea macho!

#23 Fundi Redio

Hiyo spika ni Leslie, ya Don Leslie, na inasemekana Hammond mwenyewe alikuwa haitaki. Honi inazunguka juu, chini kuna ngoma nayo inazungusha sauti ya besi. Kitetemeshi cha kinanda cha kidijitali kinaiga hiyo. Mleta uzi mwulize mzee wako, kitufe chake kipo, labda ndicho kimojawapo kilichobandikwa plasta.

#24 Mwana wa Barabara ya 12

Wakuu, nina mrejesho. Leo Jumatano nimekwenda kumtafuta. Kumbe ni fundi cherehani, kibanda chake hakiko mbali na dukani kwangu na nimekipita miaka yote. Nikampa shikamoo, nikamwambia nilikuwa pale Jumamosi nimesimama karibu yake. Akasema anakumbuka, nilimzibia feni.

Nikamwuliza yote mliyotaka.

Plasta: kimoja ni cha kuwashia biti. Amekibandika ili asikiguse kwa bahati mbaya. Cha pili kimekufa tu.

Fidla: amesema yeye mwenyewe alianza na fidla, akiwa kijana, na nyuzi zilipokatika hapakuwa na duka la kununua nyingine. Hakuongeza neno hapo, alirudi kwenye cherehani dakika nzima.

Kidole cha Nne, nimemwambia maneno yako. Akauliza unapiga kwa vidole vingapi mkono wa kushoto. Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie vidole vyangu viwili vya kushoto havikunji tangu nianguke na pikipiki. Kuhamisha najua, vinavyokataa ni hivi." Akanionyesha. Ile sauti moja nzito ya ogani niliyoisifia kwenye #1, kumbe ndiyo anayoiweza mkono ule.

Halafu nikamwuliza alijuaje ukumbi umeshuka nusu toni, na watu mia wanaimba kila mmoja na lake, jenereta inanguruma. Amesema hakusikiliza ukumbi. Alimsikiliza yule mama wa dera la kijani. "Yule akiimba haondoki alipo mpaka wenzake wote wahame. Akihama yeye, ujue nyumba nzima imehama."

#25 Kidole cha Nne

Mfikishie shikamoo yangu. Nafuta ya wavivu.

#26 Fidla Kavu

Nyuzi za fidla ninazo seti mbili, mpya, hazijafunguliwa. Kuna mtu anavuka na boti ya Tanga wiki hii?

#27 Mla Mihogo

Picha ya meza ya pasi bado tunaidai.